TAHADHARI: "Cheti cha GED" cha kununua mtandaoni, tumepigwa dola 289

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa nyie mnaowatafutia wadogo zenu njia ya kurudi shule, someni hii kabla hamjatoa kadi. GED ni mtihani wa kupata cheti kinachohesabika sawa na cha kumaliza sekondari hapa.

Mdogo wangu aliishia kidato cha pili kambini. Hapa anapanga maboksi ghalani usiku, lakini moyo wake uko kwenye uuguzi. Akaona tangazo: cheti cha sekondari kwa siku mbili, mtihani unafanyia nyumbani, tena kwa Kiswahili. Hilo la Kiswahili ndilo lililotumaliza. Akalipa dola 289, akajibu maswali ya kuchagua huku sufuria iko jikoni (aliyokosea aliruhusiwa kuyarudia mpaka apate), na wiki iliyofuata bahasha ikafika. Karatasi nzito, muhuri wa dhahabu, na matokeo ya miaka minne ya masomo. Kemia amepewa A. Maabara hajawahi kuikanyaga.

Tukaipeleka koleji. Mama wa udahili alivyoishika tu, nikajua. Hakutugombeza, alituambia kwa upole kwamba shule hiyo haipo. Tovuti yao ilidai imeidhinishwa. Tulipomtafuta huyo aliyeiidhinisha, naye tukakuta ni tovuti tupu.

Sasa GED yenyewe iko hivi. Ni mitihani minne: hesabu, lugha, sayansi na maarifa ya jamii, yote kwa pamoja kama saa saba. Unaweza kuifanya mmoja mmoja, na ukifeli mmoja unarudia huo huo. Kila mmoja unahitaji alama 145 kati ya 200. Ipo kwa Kiingereza na Kihispania, basi. Anayekuahidi Kiswahili anakudanganya. Kuufanyia nyumbani kunaruhusiwa kwenye majimbo mengi, na hapo ndipo matapeli wanapojificha, ila lazima kwanza upate alama ya kijani (yaani unaonekana uko tayari kufaulu) kwenye jaribio rasmi la mazoezi, kisha msimamizi akutazame kwa kamera mwanzo hadi mwisho. Hakuna kupika. Na cheti kinatolewa kwa mamlaka ya jimbo lako, si na kampuni yenye kikapu cha manunuzi. Kuna majimbo yanayotumia pia HiSET, mtihani mwingine wa aina hiyo hiyo, nao ni halali.

Wala si sisi wa kwanza. Mwaka 2014 FTC, tume ya serikali kuu inayolinda wanunuzi, iliwashtaki watu wa Florida waliouza diploma za namna hii kwa dola 200 hadi 300 kila moja. Walikuwa wameshakusanya zaidi ya dola milioni 11.

Kinachoniuma ni kwamba njia ya haki ilikuwa karibu kuliko tulivyodhani. Ukiwa na GED halisi unaomba koleji, unajaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, kama aliyemaliza sekondari hapa hapa. Ukifikisha 165 kwenye somo, koleji nyingi hazikurudishi kwenye masomo ya awali. Na madarasa ya maandalizi ya bure yapo kwenye programu za elimu ya watu wazima. Sisi tuliyapata kwa kuuliza maktaba, dakika tano. Dakika tano!

Jina la tovuti silitaji, maana ndani ya mwezi limeshabadilika mara mbili, rangi na picha zile zile. Shikeni dalili: inauza "cheti", haiuzi mtihani, haikuulizi unaishi jimbo gani, mtu hafeli.

Kama umeshalipa kwa kadi, ipigie benki leo ukapinge malipo, kisha ripoti kwenye ReportFraud.ftc.gov. Na tafadhali usiiambatanishe karatasi hiyo kwenye maombi ya kazi, utaonekana wewe ndiye umeghushi.

Sisi benki bado inachunguza. Dogo ameshafaulu maarifa ya jamii kwa 151, sasa anapigana na hesabu. Mwenye daftari zuri la aljebra aniandikie.