Bidhaa tano za kuziba boti ya alumini inayovuja: ipi uagize ukiwa Kigoma

Boti ya alumini iliyoachwa juu ya mchanga Kibirizi, au nyuma ya nyumba Ujiji, haiozi kama mtumbwi wa mbao. Ukiifuta vumbi utakuta bati lake bado zima. Kilichochoka ni ribiti (pini za kugongwa zinazounganisha bati), mishono na ubao wa nyuma unaobeba mashine. Ndiyo maana anayefufua boti ya namna hii nyumbani hutumia pesa nyingi zaidi kwenye dawa za kuzibia kuliko kwenye bati, na ndiko anakopotezea pesa nyingi pia.

Fundi wa mitumbwi atakushauri ukalafati, yaani upakie pamba kwenye mishono. Kwa mbao ushauri huo ni sahihi: ubao ukinywa maji huvimba, unaibana pamba, mshono unajifunga wenyewe. Alumini hainywi maji, kwa hiyo uwazi ulioupakia pamba leo utakuwa na upana uleule kesho. Tena bati linatembea. Kila mita moja ya alumini hurefuka karibu milimita 0.023 kwa kila nyuzi moja ya joto. Boti ya mita 5 iliyoshinda juani ikafika nyuzi 60, kisha ikashushwa kwenye maji ya Tanganyika yenye nyuzi 25 au 26, hunywea karibu milimita 4, tena sehemu ya chini ikitangulia huku kingo za juu bado zina moto. Mishono inasuguana. Ongeza mawimbi ya Kusi kuanzia Mei hadi Septemba, na utaona kwa nini dawa yoyote inayokauka ngumu kama kioo haidumu. Bidhaa zote tano hapa zimepimwa kwa kigezo hicho kwanza: je, inakubali kutikisika?

Usiagize chochote kabla ya kujua maji yanaingilia wapi. Toa sakafu, ng'oa sponji ya zamani iliyofichwa chini ya viti (mara nyingi imelowa na ina uzito wa kushangaza), kisha jaza maji ndani ya boti ikiwa nchi kavu na utazame nje. Hapa wengi hukunja boti zao. Maji ya kina cha sentimita 10 kwenye sakafu ya mita 4 kwa mita 1.2 yana uzito wa karibu kilo 480. Boti isikae juu ya magogo mawili tu. Ilaze juu ya matairi makuukuu na viroba vya mchanga, ukiegemeza mkuku wote (uti wa chini wa boti) na kila taruma (mbavu zake). Pale panapotoka tone, weka alama kwa chaki au kalamu ya wino mzito. Usitumie penseli: risasi yake ni grafiti, na grafiti ikigusana na alumini penye unyevu hula bati polepole. Ribiti yenye duara jeusi au la kijivu kuzunguka kichwa chake iwekee alama hata kama haidondoshi, kwa sababu weusi huo ni unga wa alumini unaotokana na msuguano. Ribiti hiyo imelegea.

Kazi inayofuata haihitaji dawa kabisa, nayo huziba sehemu kubwa ya matone: kukaza ribiti zilizolegea. Mtu mmoja hukandamiza kipande kizito cha chuma, kilo 2 au zaidi, kwenye kichwa cha ribiti upande wa nje. Mwingine hugonga mkia wake kwa ndani, nyundo tatu au nne za wastani. Anayegonga kwa hasira hutanua bati kuzunguka tundu, na hapo hata ribiti mpya haitashika. Iliyopasuka kichwa itolewe kwa drili. Kwa ribiti ya inchi 3/16, yaani milimita 4.8, tundu liwe la 4.9, na mkia uchomoze milimita 7 kabla ya kugongwa. Ukimaliza, kichwa kipya kiwe na upana wa milimita 7 hivi na unene wa 2.4. Kikiwa chembamba kuliko hapo umeigonga kupita kiasi. Ribiti za kuvuta kwa bunduki wanazotumia mafundi wa madirisha hazifai, kwa kuwa zina tundu katikati na kipande cha chuma ndani yake hushika kutu. Mahali ambapo mkono haufiki ndani, tumia zile za kuvuta zenye kitako kilichofungwa, ukizichovya kwenye dawa kabla ya kuzivuta.

Sasa dawa zenyewe, kuanzia ile tunayoipa nafasi ya kwanza.

G/flex 650 ya West System. Ni epoksi, yaani gundi inayoganda ikichanganywa, ya chupa mbili, inachanganywa sawa kwa sawa kwa ujazo, jambo linalomwokoa mtu asiye na mizani. Ubora wake ni kwamba ikikauka inabaki na unyumbufu kidogo, kwa hiyo ribiti ikicheza haikatiki ikawa ganda. Mtengenezaji anasema ikishachanganywa hukaa dakika 46 kwenye nyuzi 22. Mchana wa Kigoma, nyuzi 28 au 30, hesabu nusu saa au pungufu. Changanya kidogo kidogo, na uimwage kwenye sahani pana badala ya kikombe kirefu, kwa sababu ikirundikana hujipasha moto yenyewe na kuganda mapema. Ianze saa moja asubuhi, boti ikiwa kivulini.

Wanaolalamika kwamba epoksi imebanduka kwenye alumini karibu wote wamekosea hatua ileile. Alumini ikisuguliwa huota utando wa oksidi papo hapo, na epoksi hushika utando huo badala ya bati. Dawa yake ni hii: safisha mafuta kwa asetoni na kitambaa safi, sugua kwa brashi ya waya wa chuma kisichoshika kutu (brashi ya chuma cha kawaida huacha chembe zinazooza), paka epoksi, kisha sugua tena kwa msasa namba 80 ukiwa ndani ya epoksi mbichi. Hapo bati linafunuliwa likiwa tayari limefunikwa na hewa haifiki. Futa ule ujiuji mweusi unaotokea, paka safu mpya juu yake, na uongeze ya pili kabla ya kwanza haijakauka kabisa. Iache saa 24 kabla ya kuibebesha mzigo wowote. Vaa glavu kila mara. Epoksi huzoeza ngozi vibaya, na aliyewashwa nayo mara moja atawashwa kila akiigusa. Kasoro yake ni mbili: bei, na jua. Kama epoksi nyingine, ikiachwa wazi juani huchakaa, kwa hiyo ifunike kwa rangi. Alama: 9 kwa 10.

Gluvit ya Marine-Tex nayo ni epoksi ya kopo mbili, ila nyepesi zaidi, inatambaa yenyewe kuingia pembeni mwa ribiti na kwenye mishono. Imetengenezwa kwa tatizo hilihili. Ukikuta boti inadondosha kila mahali, ribiti mia mbili na zaidi, hii ndiyo ya kununua, kwa sababu unaipaka kwa brashi sakafu nzima ya ndani badala ya kushughulikia ribiti moja moja. Matayarisho ni yaleyale. Wengi hukosea kwa kuipaka bila kukaza ribiti kwanza. Miezi ya mwanzo boti inakauka kabisa na mwenyewe anafurahi, kisha ribiti zinaendelea kucheza chini ya utando hadi unapasuka, na sasa kukaza kunadai ukwangue kila kitu. Jambo la pili: inaongeza uzito na inaficha. Ufa mpya wa bati utauona umechelewa. Alama: 8, na 4 tu kwa asiyekaza ribiti.

Sikaflex-291i inapatikana kirahisi zaidi kuliko mbili za kwanza, na ndiyo sababu inatumika mahali ambapo si pake. Ni dawa ya mpira ya bomba, hukauka kwa unyevu wa hewa, milimita 3 hivi kwa siku. Kati ya vipande viwili vinavyobanwa pamoja haina mpinzani: chini ya kiraka, kwenye boliti za ubao wa nyuma, chini ya kizibo cha kutolea maji. Ibane kiasi, iache ipate nguvu siku moja, ndipo ukaze boliti kabisa. Ukikaza yote siku ileile dawa yote hukamuliwa nje. Kuipaka juu ya kichwa cha ribiti kama anayeziba nyufa za ukuta ni kazi bure. Ukucha unaiinua, na petroli iliyomwagika ndani ya boti huilainisha. Angalia tarehe kwenye bomba kabla ya kulipa, maana safari ya Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli na huwezi kurudisha bomba lililogandia ndani. Alama: 8 mahali pake.

J-B Weld MarineWeld nayo ni epoksi, ila ngumu, inashika sana, inachanganywa sawa kwa sawa, huanza kuwa jiwe baada ya saa 4 hadi 6 na kukamilika ndani ya saa 24. Inafaa kujaza vishimo vilivyoliwa na kutu ya alumini, ule unga mweupe, au tundu la skrubu lisilotumika tena. Ugumu wake ndio sifa na ndio kasoro: kwenye mshono unaotembea hupasuka. Alama: 6.

Ya tano ni fimbo za kuyeyusha kwa mtungi mdogo wa gesi, zile za video zinazoonyesha kopo la soda likizibwa tundu. Video hizo hazidanganyi kuhusu kopo. Fimbo nyingi za aina hiyo ni mchanganyiko wa zinki na alumini na huyeyuka karibu nyuzi 380 hadi 390, wakati bati la boti huanza kuyeyuka juu ya nyuzi 580. Tatizo ni kwamba fimbo lazima iyeyushwe na joto la bati, si la moto, na bati la boti ni pana, linasambaza joto kwa kasi. Ukilipasha hadi lifike, umelainisha eneo lote, umelegeza ribiti za jirani na kuchoma dawa iliyokuwa ndani ya mshono. Fimbo iliyodondoshewa moto hukaa juu kama tone la nta, ukiipiga nyundo inaruka. Kwenye kipande kidogo kinachoondolewa, kama kishikio au kona ya kiti, inafaa. Chini ya mstari wa maji, hapana. Ufa halisi wa bati apewe fundi wa kuchomelea kwa gesi ya agoni, au ubandikwe kiraka. Alama: 3.

Silikoni ya madirisha hatukuipa alama. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inayokula alumini, na mabaki yake hayakubali epoksi wala rangi hata baada ya kukwanguliwa.

Kuhusu kiraka: kiwe alumini ya daraja la 5052, unene uleule wa bati la boti, ambao kwa boti ndogo mara nyingi ni milimita 1.6 hadi 2. Bati la kutengenezea sufuria ni laini mno, na bati la kuezekea ni chuma chenye zinki, litaoza pamoja na jirani yake. Kipite ufa milimita 25 kila upande, kona ziwe za mviringo, Sikaflex katikati, ribiti kila milimita 20.

Ubao wa nyuma unastahili makala yake, lakini onyo moja haliwezi kusubiri. Kinachouzwa kwenye maduka ya ujenzi kama "marine" ni plaiwudi ya kumwagia zege, yenye ngozi nyeusi. Ngozi hiyo haishiki gundi, na katikati ya tabaka mara nyingi mna matundu yanayohifadhi maji. Agiza plaiwudi yenye alama ya BS 1088 (kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti), mbili za milimita 18 zilizogundishwa kwa epoksi, na kila tundu la boliti litobolewe kubwa, lijazwe epoksi, kisha litobolewe upya. Mbao iliyopigwa dawa ya shaba isiguse alumini kabisa. Rangi yenye shaba ya kupaka chini ya boti nayo usiinunue, na magadi makali ya kutolea rangi ya zamani yaache dukani: hula alumini huku yakitoa gesi ya haidrojeni.

Rudia jaribio la maji baada ya siku tatu, na uyaache usiku mzima. Kisha siku ya kwanza ziwani tembea karibu na ufukwe, bila mzigo, asubuhi kabla upepo haujaamka, kizibo na kopo la kuteka maji vikiwa karibu. Baada ya saa moja ya mawimbi rudi, fungua sakafu, na uzitazame tena ribiti za mbele, zile za pale boti inapopiga maji. Zikiwa na duara jipya jeusi, zirudishie nyundo kabla hujazipaka rangi.