Breki za diski zilinisaliti Riat, na bado nina hasira

Naandika hasira ikiwa bado moto. Baiskeli yangu ina breki za diski za mafuta, zile ambazo mafuta husukuma pedi zibane kisahani cha chuma katikati ya gurudumu, za kampuni ya Shimano, nilizoweka baada ya kubembelezwa sana na wenzangu tunaopanda nao mlima wa Riat Jumapili. Kabla ya hapo nilikuwa na za raba, zile za kubana rimu, na sikuwahi kumsumbua fundi.

Juzi kishikio cha breki ya mbele kikaanza kulegea. Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa Kisumu, simtaji. Akafungua kifuniko, akachukua chupa ya mafuta ya breki za gari, akamimina. Nikamwambia, "Fundi, hapo pameandikwa mafuta ya madini." Hakuinua hata uso. "Mama, mafuta ni mafuta. Kwani hapa fundi ni nani?" Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Nikalipa, nikanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Mafuta ya breki za gari hufurisha raba ndogo za kuzuia mafuta yasivuje zilizo ndani ya breki kama hizi, na si lazima ujue siku hiyohiyo. Mimi nilijua nikitoka Kiboswa, nikiteremka kuja Mamboleo, lori nyuma yangu, matatu mbele. Nikavuta kishikio, kikaenda mpaka kikagusa usukani. Hakuna kitu! Breki ya nyuma, ambayo hakuigusa, ndiyo iliyonifikisha kwenye nyasi za kando. Nilikaa pale magoti yakitetemeka, nikashindwa hata kupiga simu.

Kwa hiyo nunueni za raba. Waya ukikatika, duka la mtaani linao mwingine. Raba zikiisha unabadilisha mwenyewe. Diski ya mafuta inataka sindano ya kutolea hewa, mafuta yake yenyewe, na fundi anayekubali kusoma.

Ila nisidanganye. Enzi za raba, mvua ya jioni ikinikuta mlimani, rimu iliyolowa ilikuwa inateleza kwanza ndipo ishike, na mchanga ukiikwaruza hadi inalika. Diski haijawahi kunifanyia hivyo kwenye mvua, hata siku moja. Halafu kuna diski za waya, hazina mafuta kabisa. Kwa mtu wa Jumapili pekee labda hizo ndizo nzuri, sijui kwa nini hakuna aliyeniambia mapema.

Mimi nimebaki na za mafuta. Nimenunua breki nzima ya mbele, upya, kwa pesa yangu, na chupa ya mafuta ya madini iko kabatini kwangu. Ile ya zamani fundi mwingine aliifungua, akanitolea raba iliyofura. Nimeiweka kwenye bahasha. Jumamosi naipeleka kwenye lile benchi.