Hosteli ya chuo au kupanga nyumba na wenzako hapa Mtwara? Nimekaa kote kuwili

Kila ikikaribia Oktoba wadogo zetu waliopangiwa vyuo vya huku Mtwara, wa Stella Maris, wa TIA, wale wa afya na ualimu, wanaanza swali lile lile, dada nichukue hosteli ya chuo au nitafute nyumba mtaani na wenzangu? Na majibu wanayopewa ni ya mkato tu, hosteli jela, mtaani raha, basi. Mimi mwaka wa kwanza nilikaa hosteli ya chuo, wa pili na wa tatu tukapanga nyumba mabinti wanne kule Chuno, kwa hiyo ngoja niandike kirefu mana hili jambo linakula hela za watu na linaharibu mpaka masomo. Chuo changu sikitaji, mwenye nyumba wetu naye simtaji, na bei ninazoweka ni zile tulizolipa sisi, zako zitapishana kulingana na mtaa na mwaka.

Nianze na hosteli. Chumba watu wanne, dabo deka mbili, kila mtu na kabati lake dogo la chuma, feni moja juu, meza moja ya kugombania. Tulilipa 150,000 kwa semista, maji na umeme humo humo, ukishalipa umelipa, hakuna mtu atakuja kukugongea mlango anadai hela ya taka au ya mlinzi. Hili watu wanalichukulia poa ila kwa anayeishi kwa bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa bodi, ni kitu kikubwa sana, mana bumu inaingia kila baada ya siku 60 hivi na sio kila mara inaingia siku uliyoitegemea, sasa kipindi cha njaa ukiwa hosteli angalau kitanda hakina deni. Kingine ni ukaribu. Kipindi cha saa moja asubuhi unaamka saa kumi na mbili na nusu na unawahi, diskasheni inaisha saa tano usiku unatembea kidogo tu umefika kitandani, na wiki za UE, mitihani ya mwisho wa semista, utaona faida yake. Af kwa mtoto ambaye ndo kwanza anatoka nyumbani, mzazi yuko Newala au Nachingwea huko, akijua kuna mlinzi getini na kuna waden, msimamizi wa hosteli, anayeweza kumpigia simu anatulia.

Ubaya wake ni maji na kubanana. Bomba linatoka kwa saa zake, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri ndoo zimepangwa mstari mpaka nje ya korido na mwenye ndoo karudi kulala, ukisogeza ya mtu ni ugomvi wa wiki nzima. Na kubebana kupo, chumba cha wanne usiku kinalala watu sita, aliyekosa nafasi anabebwa na rafiki yake, sawa huo ni utu na mimi simlaumu mtu, ila vyoo na mabafu vilijengwa kwa hesabu ya wanne. Kuanzia Novemba, kabla mvua hazijakolea, joto la Mtwara nyie mnalijua, sasa watu sita chini ya feni moja umeme ukikatika watu wanahamia barazani na mikeka yao.

Hayo yote ningevumilia. Kilichonitoa hosteli ni jiko. Kupika ni marufuku, jiko la umeme likikutwa linabebwa, raisikuka linabebwa, hata hita ya kuchemshia maji ya chai unaificha kwenye begi la nguo. Kwa hiyo unakula kantini au kwa mama ntilie, asubuhi chai na chapati mbili, mchana wali maharage, usiku chipsi au ugali, bila soda wala tunda mimi ilikuwa inafika kama 5,500 kwa siku, na hapo sijala samaki, Mtwara hii, bahari ile pale! Bodi ya mikopo ilipandisha hela ya chakula na malazi kutoka 8,500 kwa siku mpaka 10,000 mwaka wa masomo wa 2022/2023, na sio kila mtu anapangiwa yote, wengi wanapata pungufu. Sasa ukitoa 5,500 ya tumbo, na vocha, na kutoa kopi, na nauli ya bajaji, unabaki na nini?

Nyumba yetu ilikuwa vyumba vitatu na sebule, 180,000 kwa mwezi, yaani 45,000 kila mmoja, wawili wakalala chumba kikubwa. Ukiweka tu kodi kwa kodi hosteli inaishinda kwa mbali, na hapa ndo watu wanapodanganyana. Kodi ya nyumba ni miezi kumi na miwili, hata ile minne ya likizo ambayo uko kwenu unalipa chumba kilichofungwa. Piga hesabu ya mwaka kwa kichwa kimoja: kodi 540,000, dalali alichukua mwezi mmoja kwa hiyo 45,000 kila mtu, umeme na maji kama 9,000 kwa miezi minane tuliyokuwepo ni 72,000. Jumla 657,000. Hosteli semista mbili ni 300,000. Nyumba inazidi kwa 357,000 nzima!

Lakini tulipoanza kupika wote chungu kimoja chakula kilishuka mpaka kama 3,000 kwa siku kwa mtu, gesi ikiwemo. Tofauti ni 2,500 kila siku, 75,000 kwa mwezi, kwa miezi minane 600,000. Toa ile 357,000, bado unabaki na 243,000 mkononi na umekula vizuri kuliko kantini yoyote. Kwa hiyo jiko ndo linalolipa nyumba. Ukipanga nyumba halafu kila jioni unashuka kununua chipsi na mishikaki, umejiongezea gharama tu, bora ungebaki hosteli. Hii ndo ningependa kila mtu aielewe kabla hajamtafuta dalali, ulizaneni kwanza mnapika au hampiki.

Na kupika kwa zamu kunataka watu wa kupika kwa zamu. Sisi kila bumu ikiingia kila mtu anatoa hela yake siku hiyo hiyo kabla haijaota mbawa, mmoja ndo mshika hela, daftari la kaunta linakaa juu ya kabati la vyombo, ukinunua hata kiberiti unaandika. Vitu vikubwa tulinunua kwa pamoja, mchele kwa debe, unga, mafuta dumu la lita tano, mbaazi ambazo huku kusini hazina shida kupatikana. Asubuhi mbaazi za nazi na maandazi au mihogo ya kuchemsha, hapo mtu unakaa mpaka saa nane huna njaa. Jumamosi wawili wanashuka Feri, sokoni, kuangalia samaki, ukienda na mtu anayejua kupatana mnarudi na vibua vya kutosha siku mbili, wengine tunavikaanga kabisa visiharibike mana friji hatukuwa nayo. Msimu wa ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, ukifika mwenzetu mmoja, mtoto wa Tandahimba, alikuwa anarudi nayo kwenye mfuko, tunakula na chumvi na pilipili sebuleni huku tunapitia past pepa. Hosteli hiyo huipati.

Gesi ya mtungi wa kilo sita ilitutosha tukisaidia na mkaa kwa vitu vya kuchemka muda mrefu kama maharage. Zipo nyumba Mtwara mjini ambazo TPDC, shirika la petroli la taifa, imeziunganishia gesi ya bomba ya hapa hapa, ukimkuta mwenye nyumba anayo usiiache, uliza mapema.

Kilichotusumbua zaidi nyumbani ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mita moja sisi na chumba cha uani, na yule jirani wa uani ana friji anauza barafu na juisi za ukwaju, mchango tunagawana sawa kwa vichwa! Tunanunua umeme Jumatatu, Alhamisi mita inalia. Af kuna jambo la uniti, nyumba iliyoko kundi la D1, la matumizi madogo, inapata mpaka uniti 75 kwa mwezi kwa bei ya 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, T1, kundi la matumizi ya kawaida, ni 292, kwa hiyo mkijazana wengi kwenye mita moja na friji juu yake ile bei ndogo hamuioni tena. Tulimwendea mama mwenye nyumba, shikamoo mama, tukakaa mkekani tukamueleza na daftari letu mkononi, akasema "wanangu mimi sikujua, nilijua ninyi ndo mnapiga pasi sana", akaruhusu ifungwe submita, mita ndogo ya kupima umeme wa kila upande, tukachangia na jirani, amani ikarudi. Kwa hiyo siku ya kuangalia nyumba usiangalie malumalu na dirisha la aluminiamu, uliza mita ni ya nani na nani, uliza uani kuna biashara gani. Na ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, 1,500 kila mwezi tangu Julai 2023, ni ya mwenye jengo, kubalianeni mapema ipunguzwe kwenye kodi yenu ya pango.

Madalali nao. Wapo waungwana, ila wapo wa kukuonyesha nyumba tatu mbovu kusudi ya nne uione pepo, na wapo wanaodai hela ya kuonyesha kabla hujaona hata geti. Usitoe hela ya nyumba kwa mtu ambaye hujakutana na mwenye nyumba mwenyewe, na mkataba upitie kwa mwenyekiti wa mtaa, aone sura zenu na ya mwenye nyumba. Majina yote manne yaandikwe. Sisi mwanzo alitaka liandikwe jina moja tu, tukakataa kwa adabu, mana mmoja akiondoka katikati ya mwaka deni linamwangukia aliyeandikwa peke yake.

Usalama siwezi kusema ni sawa na hosteli, hapana. Mtaani hakuna mlinzi wenu. Simu ikiwa kwenye chaji karibu na dirisha inavutwa kwa fimbo nondo zikiwepo, jirani yetu kapoteza mbili kwa mtindo huo. Kwa mabinti angalieni njia ya kurudi usiku kuliko uzuri wa nyumba. Kuna rafiki zetu walipanga Mikindani kwa sababu ya bei na upepo, pazuri kwa kweli, ila ni kama kilomita kumi kutoka mjini, diskasheni ikiisha usiku nauli ya bodaboda ilikula ile nafuu yote. Na mvua za huku zinaanza Desemba mpaka Aprili hivi, nyumba nyingi zinatafutwa Oktoba ardhi ikiwa kavu, kila uwanja unaonekana mzuri. Tembea nyuma ya nyumba, angalia ukuta chini kama una alama ya maji, muulize mama muuza genge wa jirani Februari panakuwaje, huyo hana sababu ya kukuficha.

Kuhusu kulipa miezi sita kwa mpigo, bumu haitoshi, tuseme tu ukweli. Wenzetu ambao wazazi wao ni wa korosho walikuwa na nafuu moja, minada inaanza Oktoba, hela ya mzazi ipo miezi ile ile ya kufungua chuo, ikipita Januari ukimwomba kodi unamtesa. Kama kwenu ni hivyo ongea nao mapema kabla korosho haijapelekwa ghalani, itengwe ya mwaka mzima. Kama kwenu sio korosho na hamna akiba, chukua hosteli mwaka huu wala usione aibu, usiingie nyumba kwa kukopa.

Kwa hiyo mdogo wangu wa mwaka wa kwanza mimi nakwambia hosteli, hata na foleni ya ndoo, kwa sababu bado hujui nani analipa deni na nani anaosha sufuria lake. Hao utawajua humo humo kwenye dabo deka. Sisi wanne tulikuwa korido moja, ndo mana tuliweza. Wa mwaka wa pili mwenye watu wake na wote wanapika, panga nyumba, mimi nikipewa nafasi ya kurudia ningepanga tena ile ile ya Chuno. Ila wa mwaka wa mwisho anayeenda fildi, mafunzo kwa vitendo, miezi kadhaa nje ya Mtwara apige upya hesabu ya miezi ambayo hatakuwepo, na kabla ya kusaini amuombe mwenye nyumba mkataba uanze siku chuo kinapofunguliwa badala ya tarehe moja ya mwezi uliopita, wetu alikubali tulipomuomba vizuri, zikaokoka karibu wiki tatu za kodi.