Nilivyomwonea Popi bure (uzoefu wangu na kliniki moja ya wanyama hapa Dar)

Hili jambo nimekaa nalo miezi kadhaa nikijisemea achana nalo, mbwa kapona, maisha yaendelee. Sasa juzi nimepita tena mbele ya ile kliniki nikakuta wamepaka rangi mpya na bango kubwa eti wanawapenda wanyama wetu, damu ikanichemka upya. Jina siliweki, sitaki kesi na mtu, aliyewahi kupeleka mbwa pale ataijua tu kwa lile feni la mapokezi linalopiga kelele kama mashine ya kusaga.

Popi ni mbwa koko kachanganyika na jemani shepadi, jike, ana miaka 6, analala jikoni. Ndio, ndani, jikoni, na najua kwa Wabongo wengi mbwa ni wa bandani, anafunguliwa usiku abweke basi. Popi alikuja kipindi banda halijaisha akazoea jikoni na banda mpaka leo tunawekea mkaa. Na huyu mbwa tangu akiwa na miezi mitano hivi hajawahi kukojoa ndani, hajawahi jamani. Akibanwa anakwaruza mlango wa nyuma mara mbili, ukichelewa anakuja kukuwekea pua kwenye goti anakuangalia kama mtu unayemdai.

Basi wakati wa masika, au masika yalikuwa yanaishia, sikumbuki, Popi akaanza kujikuna. Tumbo, makwapa, juu ya mkia pale, anajing'ata mpaka manyoya yanatoka, usiku kucha unasikia kucha zinagonga sakafu tk tk tk. Nikampeleka. Dokta mwenyewe wa pale, mtu mzima, kamwangalia labda dakika nne, kampiga sindano, akanipa vidonge vidogo vyeupe kwenye kile kibahasha cha kaki, juu kaandika 1x2 kwa peni. Hakuandika jina la dawa wala dawa ya nini, ni 1x2 tu. Nikauliza hii ni nini dokta, akasema "ya mwasho". Haya, nikalipa nikaondoka na furaha yangu.

Na niseme haki, ule mwasho uliisha. Kesho yake tu mbwa kalala kama mtoto aliyeshiba uji, nikamsifia yule dokta kwa kila mtu, nikamwelekeza na shoga yangu wa kazini. Ningeandika siku ile ningempa nyota tano na nusu.

Siku ya tatu au ya nne dada anayenisaidia kazi ananiambia, "Dada, kuna maji chini ya friji." Nikajua friji imeharibika, nikamwita fundi, fundi kainama, kanusa, kaniangalia. "Mama, haya sio maji ya friji." Aibu niliyoisikia.

Kuanzia hapo ikawa ndo wimbo wa nyumba. Chini ya friji, mlango wa sebuleni, siku moja katikati ya kapeti, na sio kale ka mkojo ka kutia alama, ni dimbwi, unadeki unakamua unadeki unakamua. Usiku anakwaruza saa nane, unamfungulia, saa kumi anakwaruza tena, ukijifanya umelala unaamkia dimbwi. Na maji alikuwa anakunywa huyo! Bakuli lake asubuhi limejaa, saa nne liko kavu analisukuma na pua lizunguke jikoni. Chakula ndo usiseme, alikula ugali wake akaingia kwenye ndoo ya maganda akatoka na kichwa cha samaki. Mume wangu akasema huyu mbwa kazeeka, mfunge nje. Mi nikasema labda ana hasira na sisi, maana tulikuwa tumebadilisha pazia za jikoni. Mtu ukichanganyikiwa unawaza hata pazia.

Sasa hapa ndo pananiuma. Nilimfanyia yule mbwa mambo. Nilimkamata shingo nikamsogeza pua kwenye mkojo wake kama alivyokuwa anafanya mjomba wangu kijijini, akawa ananilamba mkono. Halafu tukaamua kumnyima maji kuanzia jioni. Siku ya pili yake nikamkuta bafuni analamba sakafu pale maji ya kuoga yanapotuama. Kule kulamba bado nakusikia hata sasa hivi naandika.

Na usafi nao niliuharibu mwenyewe. Nilimwaga ile dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe juu ya mkojo, mbichi bila hata kupunguza na maji, ukatoka moshi sijui mvuke wa kuwasha macho, tukatoka nje wote tunakohoa mpaka mbwa. Kumbe mkojo una amonia na ukikutana na klorini inatoka hewa yenye sumu, usifanye. Kilichonisaidia baadaye ni kufyonza kwanza na magazeti, kusuuza na maji ya kawaida, kisha siki nusu na maji nusu. Kapeti tulilitupa.

Nikarudi kliniki. Dada wa mapokezi, yuko kwenye simu yake, namweleza, hata hajamaliza kunisikiliza anasema kwa sauti watu wote wa benchi wasikie: "Hao mbwa wa ndani ndo tabia zao, mnawadekeza kama watoto." Mzee mmoja mwenye kuku kwenye boksi akacheka. Nikanyamaza, nikasema dokta ataelewa.

Dokta ndo alinimaliza. Sikutegemea. Mtu ambaye wiki moja nyuma alimchoma sindano huyu huyu mbwa, kwa mkono wake, hakufungua hata kadi. Hakumgusa Popi. Namwambia anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa kila saa, anakula kama ana minyoo mia, anahema amelala. Vyote hivyo nilimtajia kwa mdomo wangu, vinne vyote! Akaniangalia juu ya miwani akasema, "Mama, huyu mbwa hana ugonjwa, hana adabu. Mfunge nje wiki mbili ataelewa." Nikamuuliza, je, sio ile dawa? Akasema, na hapa nanukuu, sitasahau, "Wewe ndio dokta au mimi?" Halafu nikauziwa chupa ya spreyi ya kuzuia mbwa asikojoe mahali, pamoja na pesa ya kumwona, elfu arobaini na kitu zikaenda. Spreyi nikapuliza chini ya friji. Popi kaja kanusa, kazunguka mara moja, kachuchumaa hapo hapo juu yake.

Aliyetuokoa ni mtu ambaye hata kumgusa mbwa hagusi. Jirani yangu, muuguzi mstaafu, mtu wa swala tano, huwa anakuja jioni tunakunywa chai na mi huwa nafunga mlango wa jikoni Popi asimsogelee, tunaheshimiana. Siku hiyo akaishia kizingitini, harufu. "Mwanangu, nyumba yako ina nini?" Nikamwagia yote, na mimi nilikuwa karibu kulia. Akauliza maswali matatu tu. Alichomwa sindano? Ndio. Mwasho ulikatika kesho yake tu? Ndio mama. Anakula ovyo na kunywa ovyo? Akasema, "Basi hiyo ni steroidi, zile dawa kali za kutuliza mwasho na uvimbe. Mjukuu wangu alipopewa za pumu alikuwa anaamka usiku anaiba maandazi. Piga simu uwaulize jina, usiulize kama ni ya mwasho, uliza jina."

Nikapiga nikiwa nimejiandaa kugombana. Akapokea kijana, sio yule wa mapokezi. "Shikamoo mama." Nikamtajia jina la mbwa, nikasikia anafungua makaratasi, akasema bila kuzunguka: "Ni prednisolone mama, ni steroidi, na sindano nayo ilikuwa ya jamii hiyo hiyo. Hawakukwambia kwamba atakunywa na kukojoa sana?"

Hawakuniambia, mwanangu.

Mnisamehe, hapo nililia kweli. Wiki nzima namtesa mbwa kwa kitu nilichokuwa namlisha mwenyewe ndani ya tonge la ugali, asubuhi na jioni, 1x2.

Nilitaka kuvitupa vidonge chooni muda ule ule. Dogo akanizuia kwa ukali kidogo, akasema usiache ghafla, mwili una tezi zake juu ya figo zinazotengeneza kitu kama hicho, na ukimpa kwa nje zile tezi zinalala, ukikata mara moja mbwa anaweza kuishiwa nguvu hata akaanguka. Inapunguzwa kidogo kidogo. Akasema maji mrudishie sasa hivi usikate simu mpaka umrudishie, maana anakunywa kwa sababu anakojoa, mkojo unatoka utake usitake, ukimnyima maji atakauka na bado atakojoa. Nikaweka simu kwenye meza nikajaza bakuli, alikunywa mpaka nikasikia tumbo linacheza.

Halafu akanihoji vizuri kuliko hata nilivyowahi kuhojiwa hospitali ya watu. Anaamka sehemu aliyolala imelowa, au anachuchumaa kabisa? Maana jike aliyetolewa kizazi anaweza kulegea njia ya mkojo ikawa inavuja usingizini, huyo dawa yake ni nyingine. Nikasema anachuchumaa. Ametolewa kizazi? Ndio, zamani. Akasema nashukuru, angekuwa hajatolewa na alipata joto la kutaka dume mwezi mmoja au miwili nyuma ningekwambia umlete leo leo, kizazi kinaweza kujaa usaha na dalili zinaanza hivi hivi, maji mengi mkojo mwingi. Mkojo una damu, anajikamua vitone vitone? Hapana, ni dimbwi. Kisha akaniambia nipime maji kwa chupa, kwamba mbwa akipita mililita 100 kwa kila kilo ya uzito kwa siku hayo ni mengi. Popi ana kilo 22, kwa hiyo lita mbili na kidogo ndo mwisho. Nikapima: chupa za lita moja na nusu, tatu, ya tatu ikabaki robo. Lita nne!

Akataka na mkojo wa asubuhi wapime sukari, maana steroidi na kisukari zinafanana kwa nje, na steroidi hiyo hiyo inaweza kufungulia njia wadudu wa kibofu. Mkojo wa mbwa jike unakingaje? Kwa upawa. Saa kumi na moja alfajiri, adhana inaanza, mi niko nyuma ya nyumba na kanga na tochi mdomoni namnyatia mbwa na upawa wa mchuzi, anachuchumaa nachomeka, anashtuka anasimama, ananigeukia na ile sura ya "mama vipi". Mara ya tatu nikapata vijiko kama viwili. Upawa ule haukurudi jikoni, dada alishaapa.

Majibu: sukari hakuna, wadudu hakuna, mkojo mwepesi kama maji ya bomba. Dogo akanipunguzia dozi, kimoja kwa siku, kisha siku moja unaruka, akaandika yote kwenye karatasi kwa herufi za kusomeka. Kabla hata ya wiki mbili kuisha Popi alikuwa analala usiku mzima, na asubuhi moja nikasikia kwaru kwaru mlangoni, mara mbili.

Kwa hiyo hapo nilikuwa nimeshalainika. Nikasema dawa yenyewe si mbaya, iliponya mwasho, na kliniki ina watu wazuri, tatizo ni yule mzee na mdomo wake, nitawapa nyota tatu, labda tatu na nusu kwa ajili ya dogo. Nikabeba na korosho nikaenda kumshukuru.

Hayupo. Dada wa mapokezi anasema, bila kunitazama, "Yule alikuwa wa mafunzo kwa vitendo, karudi zake Sokoine Morogoro." Yaani yule mwanafunzi! Kile kizuri pekee nilichokipata pale hakikuwa hata chao, kilikuwa cha kuazima. Na bado akaongezea eti dokta alikasirika kusikia mteja anapewa majina ya dawa kwenye simu, wateja wanaosoma soma mitandaoni ni wasumbufu. Nikabeba korosho zangu nikarudi nazo. Nyota moja. Na hiyo moja ni ya feni.

Halafu kuna kitu kingine hakuna aliyeniambia, si mzee si hata dogo, mwasho ulirudi baada ya dozi kuisha, na safari hii nikampekua mwenyewe juu ya mkia na kitana, vumbi jeusi. Nikaliweka kwenye karatasi nyeupe nikadondoshea maji, likawa jekundu. Viroboto. Uchafu wa viroboto ni damu. Dawa ya viroboto ya kudondoshea mgongoni na kufua kila kitu anacholalia, basi, kwisha habari. Steroidi yote ile, na mambo yote yale niliyomfanyia.

Jirani bado anakuja jioni, bado nafunga mlango wa jikoni, ila siku hizi akifika anauliza kwanza, "Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

Tatizo chanjo ya kichaa cha mbwa ya Popi inakaribia kuisha muda, na kliniki nyingine ni mbali mno, na dereva gani wa bajaji atakubali kupakia mbwa wa kilo 22. Nafikiri nitaenda pale pale. Usinicheke. Peni nimeshaiweka kwenye mkoba, ile nene ya kuandikia maboksi, akinipa bahasha tupu namrudishia na peni juu yake.