Uzoefu wangu: mchana mmoja ndani ya Pine Valley, uwanja wa wanachama tu

Wadau wa gofu, hii nimekaa nayo muda mrefu maana kila nikianza kuandika naona maneno hayatoshi, leo acha niiandike tu ilivyo. Miaka michache nyuma niliingia Pine Valley, kule New Jersey, Marekani. Sikucheza, pale huchezi bila mwenyeji ambaye ni mwanachama. Nilienda kuangalia Crump Cup, yale mashindano ya ridhaa wanayofanyaga kila mwaka mwishoni mwa Septemba, ile Jumapili ya fainali mchana walikuwa wanafungua geti na sisi watu wa kawaida tunaingia. Unaacha gari nje, mnapandishwa basi, mnavuka reli, tayari uko ndani ya uwanja ambao kwenye orodha nyingi za viwanja bora duniani huwa namba moja au hapo hapo juu.

Nilivyokuwa nautazama kwenye picha nilidhani ni uwanja mwembamba wa kutisha, mchanga kila mahali na misonobari imekubana huku na huku. Kufika pale nikasimama nyuma ya tii (pale unapoanzia kupiga) ya shimo la 2 nikaona hivyo hivyo, ukuta wa mchanga na vichaka mbele yako, griini (yale majani mafupi yenye kikombe) iko juu kabisa kama imewekwa kwenye kabati. Halafu nikatembea pembeni mpaka usawa wa pale mipira inapotua, aisee, fewei (njia ya majani ya kutua mpira) ni pana! Pana kuliko za viwanja vingi ninavyocheza mimi. Nikageuka nikaangalia nyuma kwenye tii nikaelewa kilichofanyika, ni macho yako ndiyo yanayotishwa, mpira wenyewe una nafasi ya kutosha kama utathubutu kuupiga. Mi hendikapu yangu ni 17, yaani mchezaji wa kawaida tu, na nimezoea kulaumu uwanja mwembamba kila nikipoteza mpira, siku ile nikaanza kujiuliza mara ngapi nilikuwa nimeshindwa kabla hata sijapiga.

Aliyeutengeneza hakuwa mtaalam wa viwanja. Anaitwa George Crump, mtu wa hoteli wa Philadelphia, uwanja wake wa kwanza na wa mwisho ndio huo. Alinunua eka 184 za mchanga na misitu mwaka 1912, akahamia hukohuko porini, akaanza kung'oa miti, inasemwa walifika visiki 22,000 wakaacha kuhesabu. Mwaka 1913 akamleta Harry Colt kutoka Uingereza asaidie kupanga njia za mashimo, na watu mpaka leo wanabishana nani alifanya nini. Mi naona mawazo makubwa ni ya Crump, alikuwa na masharti yake na ukitembea unayaona kwa macho: mashimo yasilale sambamba, yasizidi mawili mfululizo kuelekea upande mmoja, na ukiwa shimo moja usione watu wa shimo lingine. Hilo la mwisho ndilo lililonishika zaidi. Tulikuwa watu wengi siku ile lakini nikiwa shimo la 6 nilijiona kama niko peke yangu na wale wachezaji, sauti zinakuja kwa mbali tu juu ya miti. Crump alikufa Januari 1918 akiwa na miaka 46, mashimo 14 tu yamekamilika, la 12 mpaka la 15 wakamalizia wengine, wakiwemo ndugu wawili Hugh na Alan Wilson, huyu Hugh ndiye aliyekuwa ameshachora Merion, uwanja mwingine maarufu karibu na Philadelphia. Inaniuma kwamba hakuwahi kuucheza wote.

Sasa mchanga. Msidhani ni mabunka (mashimo ya mchanga) kama tuliyozoea, yenye kingo safi na reki pembeni. Pale ni kama ardhi yote ni mchanga halafu wakaotesha visiwa vya majani ndani yake, unapiga kutoka kisiwa hiki kwenda kisiwa kile, ukikosa unakuta mpira kwenye nyayo za mtu au chini ya kichaka na hakuna reki ya kukusaidia, unaupiga ulipo. Shimo la 7 ni par 5 (unatarajiwa kulimaliza kwa mapigo matano) na katikati ya njia kuna jangwa la zaidi ya yadi 100, wanaliita Hell's Half Acre. Niliona jamaa kapiga draiva yake (pigo la kwanza kutoka kwenye tii) mbovu kidogo tu, si mbovu sana, akawa hawezi kuvuka jangwa kwa shoti ya pili, ikabidi apige fupi mbele yake makusudi, halafu ya tatu ndo avuke, na griini nayo imezungukwa na mchanga kwahiyo akifika karibu bado hajamaliza kazi. Kosa dogo kwenye tii linakudai mpaka mwisho wa shimo, na hakuna tone la maji wala mpaka wa nje uliohusika.

Shimo la 10 nilikaa karibu saa nzima. Par 3 fupi, kama yadi 150 hivi, ya kuteremka kidogo, ukiiona unasema hii hata mimi naiweza. Mbele ya griini upande wa kulia kuna bunka dogo, jina lake linamtaja shetani pamoja na sehemu ya mwili ambayo sitaiandika hapa. Bunka lenyewe ni la kina, limechongoka kuelekea chini kama faneli. Kijana mmoja mpira wake ulitua kwenye griini, ukasita, ukaanza kurudi polepole, polepole, watu wote kimya, ukatumbukia. Alishuka tukawa tunaona kofia tu. Kaangalia mbele, kaangalia ukuta, kisha akageuka akapiga kuelekea nyuma, alikotoka. Mtu anayecheza gofu kwa kiwango kile! Nilimheshimu sana, maana mwenye kiburi angepiga mbele mara nne.

La 5 nalo ni par 3 lakini zaidi ya yadi 230, unavuka maji halafu unapanda kilima, hilo sina cha kuongeza, ni gumu tu.

Ambavyo sikuvipenda: kwanza miti. Sehemu kadhaa niliona misonobari imesogelea mpaka kwenye mchanga, inaziba mwonekano na kufanya upana ule niliousema uanze kupotea, na kwa maoni yangu miti ndiyo adui mkubwa wa uwanja wa aina hii. Pili, kufungwa kwenyewe. Wanawake hawakuweza kuwa wanachama mpaka 2021, zaidi ya miaka 100, na hilo halina utetezi, kazi nzuri namna ile kuonwa na mtu mmoja tu kati ya maelfu inaumiza.

Mtu akipata nafasi, awe mgeni wa mwanachama au mtazamaji, avae viatu vya kutembelea hasa, ni vilima na mchanga mwanzo mwisho, nilirudi soksi zimejaa. Usifuate kundi moja la wachezaji mashimo yote 18, utapitwa na mengi. Chagua mashimo matatu ukae. Mi ningeanza na la 2 ukisimama nyuma ya tii kwanza kisha kwenye fewei, halafu la 7 pale jangwa linapoanza, halafu la 10 upande wa kulia wa griini, ukiwa karibu kiasi cha kusikia fimbo inavyogonga mchanga kule chini.