Oregon na Uholanzi: nani ashike dawa ya mwisho?

Sheria ya jimbo la Oregon, Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 1997, humruhusu daktari kuandika tu dawa ya kumaliza maisha ya mgonjwa anayetaka kufa: mgonjwa aliyetimiza miaka 18, ambaye madaktari wawili wamethibitisha kuwa amebakiza miezi 6 au pungufu, huinywa mwenyewe, na wapo wanaoichukua wakaiacha kabatini hadi kifo kikaja chenyewe. Uholanzi, tangu mwaka 2002, daktari aweza kudunga sindano kwa mkono wake, na kipimo si muda uliobaki bali mateso yasiyovumilika, yasiyo na tumaini la nafuu. Kwangu mimi, kinga ya Oregon dhidi ya matumizi mabaya ni imara zaidi, ingawa humwelemea aliyepooza mikono, asiyeweza hata kuinua kikombe.