Hotuba ya karatasi au ya papo kwa papo?

Hotuba iliyoandikwa hudai siku za maandalizi, lakini hulinda takwimu, majina na muda, ingawa macho ya msemaji hubaki kwenye karatasi na ukumbi hupoa. Ya papo kwa papo huushika ukumbi, kwa kuwa msemaji husoma nyuso badala ya mistari. Washington, tarehe 28 Agosti 1963, Martin Luther King, mpigania haki za Wamarekani weusi, alikuwa na hotuba iliyoandikwa. Mahalia Jackson, mwimbaji wa nyimbo za injili, alipompaazia sauti awaeleze watu juu ya ndoto yake ya usawa, King aliiacha karatasi, na sehemu hiyo ndiyo inayokumbukwa zaidi. Lakini ndoto hiyo, na hili husahaulika mno, alikuwa amekwisha kuihutubia kabla ya siku ile. Anayewasilisha bajeti na ashike karatasi. Anayewafariji wafiwa aiache mfukoni.